Mbio za magari ya jua: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi

Alhamisi ya tarehe 17 Oktoba 2019, gari la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, lilikuwa mbele ya magari yote katika mbio za kuvuka bara la Australia kwa nguvu ya jua. Lilikuwa limekwisha kumaliza zaidi ya kilomita 2,700 tangu lilipoondoka Darwin, upande wa kaskazini. Mji wa Adelaide, ulio kusini, ulikuwa umebaki chini ya kilomita 300. Ndipo moshi ulipoanza kutoka. Dereva alitoka salama, lakini gari lenyewe, Nuna X, liliteketea kando ya barabara huku vijana waliolijenga kwa mikono yao wakilitazama.

Ushindi ukawaendea majirani zao, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Leuven kutoka Ubelgiji, waliofika Adelaide siku hiyo hiyo wakiwa na wastani wa mwendo wa kilomita 86 na ushei kwa saa. Siku moja kabla, gari la chuo kingine cha Uholanzi, Twente, ambalo nalo lilikuwa likiongoza, lilipigwa na dhoruba ya upepo likatolewa barabarani. Kwa muda wa saa chache tu, kazi ya vikosi viwili ilikuwa imekwisha.

Mwezi wa Agosti 2025, magari ya jua yalikusanyika tena Darwin. Chuo kilichoshinda safari hii kilikuwa Delft, kwa gari liitwalo Nuna 13. Hakuna ajabu katika chuo chenye sifa kushinda mashindano. Ajabu ni kwamba waliolijenga gari hilo si wale waliolia mbele ya moto mwaka 2019. Wale walikwisha kuhitimu na kutawanyika. Hawa walikuwa vijana wengine kabisa, na bado walijua walilopaswa kujua.

Hapo ndipo lilipo jambo linalotuhusu sisi wa nchi za Maziwa Makuu na Afrika Mashariki. Swali la uchambuzi huu ni hili: ujuzi wa kundi la wanafunzi huhifadhiwaje, hata wenyewe wakiondoka ubaki? Na je, kwa nini kwetu magari yanayobuniwa vyuoni mara nyingi huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, kisha yasifuatiwe na la pili?

Kwanza tueleze mashindano yenyewe. Yalianza mwaka 1987, na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Njia ina urefu wa kilomita zipatazo 3,000, na sehemu yake kubwa hupita jangwani. Si uwanja uliofungwa. Ni barabara ya umma, na gari la jua, jepesi kama mtumbwi, hupishana na malori makubwa yanayovuta matela matatu au zaidi. Magari huruhusiwa kwenda kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Jua likielekea kuzama, kila timu hupiga kambi pale ilipofikia, ikageuza paneli zake kuelekea miale ya mwisho ili betri ijaze kidogo kabla ya usiku.

Katika kundi kuu la mbio hizi, gari huondoka na betri iliyojaa mara moja tu. Baada ya hapo, jua na mwendo wa gari lenyewe ndivyo vinavyoirudishia nguvu. Kwa hiyo mwenye mbio si lazima ashinde. Anayekwenda kasi asubuhi huenda akakwama alasiri chini ya mawingu. Nyuma ya gari la mbio hufuata gari jingine lenye wanafunzi wanaopiga hesabu saa zote: upepo unatoka wapi, wingu litafika lini, betri imebaki na kiasi gani. Dereva hushika usukani, lakini mwendo huamuliwa na hesabu.

Mshindi wa mwaka 1987 hakuwa chuo. Alikuwa General Motors, kampuni kubwa ya magari ya Marekani, iliyotumia wahandisi wake na fedha nyingi. Gari lake, Sunraycer, lilikwenda kwa wastani wa karibu kilomita 67 kwa saa, na wakati huo ilionekana kuwa ni muujiza. Mwaka 2005 wanafunzi wa Delft walipita njia hiyo kwa wastani wa kilomita 102 na zaidi kwa saa. Waandalizi wakaona kwamba magari yamekuwa ya kasi mno kwa barabara ya umma, wakapunguza ukubwa wa paneli zinazoruhusiwa, kwanza hadi mita sita za mraba, na kufikia mwaka 2017 hadi mita nne. Mita nne za mraba hazizidi mkeka mpana wa kulalia. Hata hivyo, mwaka 2023 timu ya Leuven ilishinda tena kwa wastani wa kilomita 88 kwa saa. Wanafunzi, kwa mwanga uliopunguzwa, walikuwa wamelipita kwa mbali gari la kampuni tajiri la mwaka 1987.

Hilo halikutokea kwa sababu kizazi kimoja cha vijana kilizaliwa na akili kuliko kingine. Lilitokea kwa sababu kila kikosi kilianzia pale kilichotangulia kilipoishia.

Tuitazame Delft kwa karibu. Walishinda kwa mara ya kwanza mwaka 2001, wakashinda tena 2003, 2005 na 2007. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Tokai wakawapokonya mwaka 2009 na 2011. Delft wakarudi mwaka 2013, 2015 na 2017, wakapoteza gari kwa moto mwaka 2019, wakarejea kileleni mwaka 2025. Karibu kila toleo la mashindano lina kikosi kipya. Vijana husimamisha masomo yao kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi, hujenga gari, hushindana, kisha hurudi darasani au huhitimu. Jina la timu nalo limebadilika kila mdhamini mkuu alipobadilika: Nuon, Vattenfall, na sasa Brunel. Majina hupita na watu hupita, lakini karakana haifungwi.

Siri yao haina maajabu. Wanafunzi wa zamani huitwa kuwakagua wapya na kuwauliza maswali magumu. Gari lililokwisha kustaafu hutumika kuwafundishia madereva. Michoro, hesabu na makosa huandikwa na kukabidhiwa. Makosa ndiyo ya thamani kuliko vyote, kwa maana mwenye kushinda huweza kushinda kwa bahati, lakini aliyeandika kwa nini alishindwa humwachia mwenzake mali. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi aliyerithishwa kazi hutengeneza koleo jingine. Asiyerithishwa hubaki na vipande mkononi.

Leuven nao ni ushahidi. Walishiriki mara ya kwanza mwaka 2005, wakashinda mara ya kwanza mwaka 2019. Ilikuwa miaka 14 ya kupanda na kushuka, ya vijana waliojenga gari wakijua kwamba huenda kombe litachukuliwa na wadogo zao wasiowajua. Ni serikali ngapi, na ni vyuo vingapi, vinavyoweza kuvumilia miaka 14 bila kombe la kuonyesha?

Mashindano mengine ya aina hii hulifanya jambo hilo kuwa sheria. Katika yale yajulikanayo kama Formula Student, yaliyoanzia Marekani mnamo miaka ya themanini na kuingia Uingereza mwaka 1998, wanafunzi hujenga gari dogo la mbio lenye kiti kimoja. Alama zote ni 1,000, lakini 325 kati yake hutolewa gari likiwa limesimama: 150 kwa ubunifu, 100 kwa hesabu ya gharama na 75 kwa kueleza namna ambavyo gari hilo lingeweza kuuzwa. Mwamuzi hushika chuma kimoja akauliza: kwa nini umekitengeneza hivi, si vile? Mwanafunzi aliyenakili kazi ya waliomtangulia bila kuielewa huumbuka hapo hapo. Kupokea urithi pekee hakutoshi. Sharti mrithi aweze kueleza alichorithi.

Tugeuke sasa nyumbani. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Wakenya, hata kama lingekuwa baya la sura au la mwendo wa pole. Wahandisi waliitikia. Yakatengenezwa magari matano ya mfano yaliyoitwa Nyayo Pioneer, na mwaka 1990 yakaonyeshwa hadharani katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Yalikwenda, na yaliweza kufikia kilomita 120 kwa saa. Wananchi walijivunia, na walikuwa na haki ya kujivunia. Lakini fedha za kiwanda hazikupatikana, na magari hayo hayakupata wadogo. Vijana waliozaliwa mwaka ule wa uzinduzi sasa ni watu wazima, na wengi wao walilisikia gari hilo kama hadithi.

Kosa halikuwa la mafundi. Nyayo Pioneer lilipewa kazi ya kuthibitisha kwamba Mwafrika anaweza, na mara lilipothibitisha, kazi yake ilionekana kuwa imekwisha. Haukuwapo msimu wa pili uliowangoja wale wahandisi, wala tarehe ya mashindano yajayo iliyobandikwa ukutani, wala kundi la wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliosimama mlangoni wakisubiri kupokea spana.

Uganda ilichukua njia tofauti kidogo. Wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walishiriki katika mradi wa kimataifa wa vyuo vikuu uliobuni gari liitwalo Vision 200, lililoonyeshwa mjini Torino, Italia, mwaka 2008. Walirudi Kampala na ujuzi, na muhimu zaidi, na hamu. Novemba 2011 wakaendesha Kiira EV, gari dogo la umeme la viti viwili. Mwaka 2014 likafuata gari jingine linalotumia mafuta pamoja na umeme. Februari 2016 likaonyeshwa basi la Kayoola, la abiria 35, lenye paneli za jua juu ya paa. Kutoka hapo ikakua kampuni ya Kiira Motors, ambayo serikali ya Uganda na Chuo Kikuu cha Makerere wana hisa ndani yake, pamoja na kiwanda mjini Jinja.

Wako wanaoukosoa mradi huo wa Uganda, wakiuliza fedha za umma zilizotumika na idadi ya mabasi yaliyoko barabarani. Maswali hayo ni halali na yanastahili majibu. Lakini hata mkosoaji atakubali jambo moja: baada ya gari la kwanza lilikuja la pili, na baada ya la pili la tatu. Kijana aliyeshika nyaya za Kiira EV alipata mahali pa kuushika ujuzi wake asiupoteze. Hiyo ndiyo tofauti kati ya maonyesho na uhunzi.

Hata huko Ulaya, hata hivyo, gari la wanafunzi si tiketi ya utajiri. Chuo cha Eindhoven, Uholanzi, kilishinda mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 2013 hadi 2019, katika kundi la magari ya jua yanayobeba abiria. Mwaka 2016 waliokuwa wanafunzi wa timu hiyo walianzisha kampuni ya Lightyear ili kuwauzia watu gari la jua. Walifika hadi kuanza kulitengeneza mwishoni mwa mwaka 2022. Januari 2023 uzalishaji ukasimama, na kampuni tanzu iliyokuwa ikiuendesha ikatangazwa kufilisika. Gari lilikuwa ghali mno. Basi tusimdanganye mwanafunzi wa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi kwamba akishinda mbio atakuwa mwenye kiwanda. Timu ya Eindhoven haikufa kwa sababu kampuni ilifilisika, kwa kuwa haikujengwa juu ya ahadi ya kampuni.

Wapo watakaosema: haya ni mambo ya wenye nacho. Chuo ambacho wanafunzi wake husoma kwa kupokezana viti kitapata wapi fedha za gari la mbio? Hoja hii si ya kupuuzwa. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome uhandisi ana haki ya kuuliza kama fedha zinapelekwa kwenye mchezo. Mbio za jua za Australia ni ghali: paneli, betri, nyuzi za kaboni, na makontena ya kusafirishia kila kitu hadi upande wa pili wa dunia.

Lakini yapo mashindano ya kimo chetu. Shell Eco-marathon, kwa mfano, haiulizi nani ana kasi. Huuliza nani atakwenda mbali zaidi kwa mafuta au umeme kidogo zaidi, na vyuo vya Nigeria na Afrika Kusini vimekwisha kushiriki. Afrika Kusini yenyewe ina mbio za magari ya jua tangu mwaka 2008, ambamo vyuo vya nchini hukutana barabarani na mabingwa kutoka Japani na Uholanzi. Oktoba 2021, janga la korona lilipoizuia Australia kupokea wageni, timu kadhaa za Ulaya zilishindana Morocco, katika milima ya Atlas na jangwa la Sahara. Jua wanalolifuata mbali wengine, sisi tunaamka nalo.

Tena, faida tunayoizungumzia haiko mbali. Jijini Kigali, Nairobi na Kampala pikipiki za umeme zimeanza kubeba abiria. Kila moja ina betri, mota, na kifaa cha kudhibiti umeme. Vitu hivi vikiharibika, nani atavifungua? Kijana aliyefundishwa ubaoni kwamba betri ikipata joto kupita kiasi huwaka, na kijana aliyejenga betri, akaihisi ikipata moto mikononi mwake, akaitenganisha usiku wa manane kabla ya ukaguzi wa asubuhi, hawajui kitu kimoja. Wa kwanza ana cheti. Wa pili anaweza kukabidhiwa pikipiki ya mtu anayelisha watoto kwa pikipiki hiyo.

Ndiyo maana wakati ujao chuo chochote katika kanda yetu kitakapotangaza kwamba wanafunzi wake wameunda gari, wananchi wapige makofi, kisha waulize maswali machache. Je, michoro na hesabu zake zimehifadhiwa wapi, chuoni au katika kompyuta ya mwanafunzi atakayehitimu mwezi ujao? Ni wanafunzi wangapi wa mwaka wa kwanza na wa pili waliokuwa karakanani? Kiasi gani cha fedha kimetengwa kwa ajili ya gari linalofuata, tofauti na fedha za sherehe? Na lililoharibika limeandikwa, au limefichwa ili mgeni rasmi asilione?

Swali hili la mwisho ndilo gumu kwetu. Tuna desturi ya kuona haya mbele ya kosa. Mradi ukikwama, ripoti hufungiwa kabatini na wahusika huhamishwa. Kwa kufanya hivyo tunamlazimisha kila anayekuja kuanza sifuri na kulipa upya ada ya kosa lile lile. Wanafunzi wa Delft hawakuwa na nafasi ya kuficha: gari lao liliungua mbele ya macho ya dunia. Walilazimika kulieleza, na waliokuja baada yao walilazimika kusoma maelezo hayo kabla ya kugusa betri nyingine.

Ilichukua miaka sita tangu moto wa mwaka 2019 hadi ushindi wa mwaka 2025. Kwa mwanafunzi mmoja, miaka sita ni maisha yote ya chuo na zaidi. Kwa karakana isiyofungwa, ni misimu michache tu. Nchi zetu hazina upungufu wa vijana wenye akili wala wa jua. Kilichopungua ni subira ya kuliachia gari la kwanza lishindwe, na nidhamu ya kuhakikisha kwamba la pili linajengwa na wale waliosimama kando ya la kwanza, wakiwa na daftari mkononi.